Usinipangie Oktoba

Wakio,

Kama ni salamu, nyanya yako atakupa za kutosha, na machozi juu yake. Mimi nimekukasirikia, na nimeona afadhali nikuandikie hasira zikiwa bado za moto, kwa sababu nikipoa nitarudi kukudanganya. Leo ni Ijumaa. Madam na mume wake, ambaye humu ndani namwita baba, wamechukua watoto wakaenda kula chakula cha mchana kwa mama yake madam, na nyumba yote hii ya Al-Malqa, Riyadh, nimebaki mimi na mlio wa friji. Kesho asubuhi wewe unashuka Voi, unapanda treni ya Nairobi, halafu ndege, halafu Uchina. Naandika kwa mkono, nitapiga picha kila ukurasa nikutumie. Usinijibu kabla hujafika ukurasa wa mwisho. Nakujua, wewe hujibu swali kabla mtu hajamaliza kuuliza.

Sitakuambia ufunge begi vipi wala ule nini. Una miaka ishirini, nguo utafua, chakula utapika, Mungu utamwomba. Mimi nina neno moja.

Umempigia madam wangu simu.

Namba yake uliitoa wapi sijauliza, naogopa jibu. Nilikuwa jikoni napanga finjani za kahawa, wageni wake wamejaa sebuleni, akaja akasimama mlangoni na simu mkononi, anacheka. "Binti yako amekuombea ruhusa," akasema. "Kama wewe ndiye mtoto wa shule!" Akawageukia wageni akawaeleza kwa Kiarabu, nao wakacheka, wakaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza tangu waingie. Kumbe umempigia kutoka Wundanyi, na Kiingereza chako cha kidato cha nne, ukamwomba likizo yangu ianze mwisho wa Septemba, ili wiki ya kwanza ya Oktoba mimi na wewe tukapande mlima wa Huangshan. Naye akakubali palepale. Akamaliza kucheka, akachukua kahawa yake, akaondoka. Nilisimama pale nimeshika birika, nikaona aibu kama mtu aliyevuliwa kitambaa cha kichwa mbele za watu.

Likizo ni yangu, Wakio. Nimeingoja miaka minne. Wewe umeigawa kama maandazi.

Na kama ulitaka kuigawa, ungeigawa kwa akili. Wiki ya kwanza ya Oktoba! Nani alikushauri? Hiyo ndiyo sikukuu yao ya taifa. Viwanda vimefungwa, ofisi zimefungwa, kila Mchina mwenye miguu yuko njiani, na nusu yao wanaelekea mlima huohuo. Unamwambia madam umechagua wiki hiyo kwa sababu chuo kitakuwa kimefungwa. Ndiyo, na vya wenzako wote vitakuwa vimefungwa. Zile ngazi mtasimama mmebanana, mbele una mgongo wa mtu, nyuma una tumbo la mtu, ukitaka kukojoa unaomba dua. Huo si wakati wa kumpeleka mama yako mahali popote, achilia mbali mlimani.

Halafu mimi ni mtu wa Taita. Nimezaliwa mlimani, nimebeba kuni mlimani, nimebeba kabichi za kupeleka soko la Wundanyi nikiwa na ujauzito wako. Sisi mlima hatuupandi kutembea, tunaupanda kwa sababu nyumba iko juu. Nilipomweleza nyanya yako kwamba kuna mlima Uchina watu wanasafiri nusu ya dunia kwenda kuupanda, aliniuliza, "Na wakifika juu wanachukua nini?" Nikamwambia wanachukua picha. Akauliza tena, "Na kuni hakuna?"

Najua hapo ulipo unasema, mama anajifanya tu, yeye mwenyewe alishaupanda na akausifu mpaka akachoka. Hapo ndipo ilipo barua yenyewe.

Sijaupanda. Huangshan sijaweka mguu hata kwenye ngazi moja. Zile picha nane nilizokutumia, za misonobari iliyoota kwenye mwamba na mawingu yaliyolala chini ya watu, alizipiga madam. Uliponiuliza, "Mama, ulifika juu kabisa?" nikakujibu kwamba nilifika, na miguu imenitetemeka siku tatu. Miguu iliyotetemeka siku tatu ilikuwa ya baba. Nilimwona akishuka ngazi za hoteli kinyumenyume, ameshika ukuta, nikaichukua miguu yake nikajivika.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, na unisome mpaka mwisho hata kama umeudhika, kwa sababu mimi pia nimeudhika na bado naandika.

Safari ile ya Uchina, miaka mitatu iliyopita, niliipanga mimi. Madam alikuwa ameuona mlima kwenye simu. Akaja jikoni, akaiweka simu juu ya meza karibu na vitunguu, akasema, "Wewe Kiingereza unasoma kuliko mimi. Nitafutie lini twende." Ndivyo nyumba hii ilivyo. Daktari wa meno wa watoto, fundi wa AC, zawadi ya shangazi aliyejifungua, yote napanga mimi. Nikakaa na mlima huo wiki mbili, namenya viazi huku nasoma. Nikajua Juni na Julai ni mvua na ukungu, unaweza kufika juu ukaona ukuta mweupe ukarudi. Nikajua Agosti shule zao zimefungwa na watoto wamejaa kama siafu. Novemba ni mwezi mzuri, hewa imekauka, lakini watoto wa madam wako darasani. Wakati wa baridi kali watu hupungua na theluji inakaa juu ya misonobari, lakini madam alisema baridi ataitafuta kwenye friji. Nikabaki na Aprili. Mwaka ule Idi iliangukia Aprili, ikisogea mwisho wa mwezi, shule za hapa zikafungwa, na kule mlimani maua yanachanua. Hatari ilikuwa moja tu, Mei mosi. Sikukuu ya wafanyakazi, ambayo wao huifanya siku kadhaa mfululizo na nchi nzima ikahama. Nikamwambia madam twende mara tu baada ya Idi, katikati ya wiki, na mwezi ukiisha tuwe tumeshashuka. Akasema sawa. Nikaweka nafasi za kuingia. Nilijiona meneja, mwanangu, usinicheke.

Kisha baba akapata kazi ya ghafla, akasema tusogeze wiki moja.

"Madam, tukisogeza tunaingia Mei mosi," nikamwambia. "Kutajaa."

"Yalla, sogeza tu," akasema. "Mlima hauhami."

Ikawa ni kuanza upya, tena mbio, maana nafasi za siku zile zilikuwa zinaisha huku nazitazama, na kule huingii bila jina lako na namba yako ya pasipoti kuandikwa mapema. Baba akafungua sefu, akaniletea pasipoti zote zimefungwa kwa mpira. Zilikuwa saba. Sita za kwao na moja yangu. Yangu nilikuwa sijaishika tangu siku niliyoshuka uwanja wa ndege wa Riyadh. Nikaifungua, nikaangalia picha, nikashangaa nilivyokuwa mwembamba. Halafu nikaiweka kando, juu ya kopo la mchele, nikaendelea na kazi. Baba, madam, mama yake madam, watoto watatu. Nikaandika majina sita, nikahakikisha herufi moja moja. Nilipomaliza nikazifunga zote saba na mpira wake, nikamrudishia baba, nikarudi kwenye viazi.

Unaelewa nilichofanya? Tikiti ya ndege ninayo, viza ninayo, hoteli nimeandikwa kwa sababu vilifanywa na ofisi ya usafiri. Mlima ndio ulioandikwa na mimi. Mganga hajigangi, lakini hata mganga anajua kwamba yupo.

Nikueleze nilikojifunza ujinga huo. Kandarasi yangu ya kwanza ilikuwa Jeddah, wewe ukiwa darasa la tatu. Nyumba ilikuwa na watu wanane. Ijumaa ya kwanza nikaandaa meza, nikaweka sahani tisa, kwa sababu kwetu sahani unahesabu kwa vichwa vilivyomo ndani ya nyumba. Yule madam wa Jeddah akaja, akaangalia meza, akaichukua ya tisa akairudisha kabatini. Hakunigombeza. Angenigombeza ningemjibu moyoni, nikalala nimeshinda. Aliirudisha tu, kama mtu anayerekebisha pazia. Tangu siku hiyo nikawa naweka nane mwenyewe, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, mpaka mkono ukazoea. Nilipokuja Riyadh, mama yake madam akiwa bado anakaa hapa, madam huyu wa sasa aliniambia wiki ya kwanza, "Weka yako, kula nasi au kula jikoni, upendavyo." Nikaweka sita. Akaniambia tena. Nikaweka sita. Hakusema mara ya tatu.

Kwa hiyo ukinisikia kwenye simu miaka hii yote nikimsema madam wa Riyadh, kwamba ana roho ngumu, kwamba ana hili na lile, ujue kuna mengine anastahili na kuna moja nimembebesha la mwenzake. Nimekuwa nikimchukia mtu wa Riyadh kwa kosa la mtu wa Jeddah. Hilo sikulijua nikiwa Jeddah, wala sikulijua kwenye ndege. Nimelijua baada ya kukaa kwenye benchi moja kuanzia asubuhi mpaka jioni, na hata hapo sikuacha.

Mei mosi tulifika chini ya mlima watu wamejaa kama siku ya mwisho. Kofia nyekundu, bendera ndogondogo, vipaza sauti, watoto mabegani, wazee na fimbo. Tukapanga foleni ya kuingia, saa nzima, jua linachoma. Tulipofika dirishani baba akatoa pasipoti, zile sita zikapita, ya saba yule msichana wa dirishani akaigeuza, akaangalia kioo cha kompyuta yake, akaigeuza tena, akatikisa kichwa.

Madam akanigeukia. "Wewe jina lako liko wapi?"

"Mimi mafi, madam. Halipo."

"Mafi vipi? Nani aliandika?"

Baba akajaribu kuomba, akaonyesha simu, akaonyesha kidole kimoja, mmoja tu. Siku hiyo ilikuwa imejaa tangu jana yake, hata wao Wachina walikuwa wanarudishwa. Nyuma yetu watu wameanza kupiga kelele. Madam akamchukua mtoto mdogo mikononi mwangu, na uso wake ulikuwa wa hasira kwelikweli, kwa sababu sasa ilikuwa lazima ambebe yeye. "Kaa na kigari," akasema. "Tutarudi jioni." Wakapita. Nikabaki na kigari cha mtoto kisicho na mtoto, na begi la nepi.

Siku ya wafanyakazi duniani, Wakio. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini.

Saa za mwanzo nilimtukana madam. Saa zilizofuata nikamtukana baba na kazi yake ya ghafla. Nikaja kuutukana mlima wenyewe, ambao hata sikuuona, kwa sababu pale chini unaona miti na mabasi tu. Halafu matusi yakaisha na mchana bado ulikuwa mrefu. Kulikuwa na mama mmoja anafagia, mtu mzima, amevaa fulana ya machungwa. Alinipita mara nne. Mara ya tano akanipa maji ya moto kwenye kikombe cha chupa yake. Jua kali na maji ya moto, lakini nikanywa. Akatoa simu, akaongea nayo Kichina, simu ikaniuliza kwa Kiingereza kwa nini sipandi. Nikaiambia simu kwamba majina niliandika mimi, na langu nikasahau. Simu ikamsomea. Akacheka, akapiga paja. Kisha nadhani alilisikia tena lile jibu kichwani mwake, akaacha kucheka, akaketi karibu nami na ufagio wake, akaongea na simu tena. Simu ikasema, "Mimi nafanya kazi hapa miaka kumi na moja. Juu sijafika."

Nilitaka nimhurumie, ikanishinda. Nilimkasirikia. Miaka kumi na moja, mlima uko mgongoni kwake, na ametulia anafagia! Nilikaa pale nimekunja uso, nanywa maji yake, namlaumu mtu aliyenitendea wema, mpaka nikasikia aibu. Kwa sababu aliyekuwa akinikera hakuwa yeye.

Jioni wakashuka. Madam hakuwa na sauti, mgongo umekufa. Baba miguu hana. Watoto wamelala. Kwenye basi madam akanitumia picha arobaini ili nimtunzie, nami nikazipitia, nikachagua nane zisizo na sura ya mtu, nikakutumia wewe. Sikupanga kudanganya. Wewe ndiye uliyeuliza kama nilifika juu. Ningesema nini? Kwamba mama yako alijiacha langoni kwa mkono wake mwenyewe? Ulikuwa na miaka kumi na saba, nyanya yako alikuwa ameniambia unajificha shuleni watu wasijue nafanya kazi za ndani Saudia. Nilitaka uwe na kitu cha kuwaambia. Nikakupa mlima.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenyooka miaka mitatu, imefika mpaka ubalozini. Ukabandika picha ukutani kwa nyanya. Ukaanza Kichina kwenye simu, unajisomea hata ukikamua ng'ombe. Ukapata nafasi ya unesi, nafasi ambayo mimi niliipigia magoti kanisani, ukaiacha, ukaomba chuo cha utalii huko kwa sababu, uliandika kwenye barua ya maombi na ukanisomea kwa majivuno, mama yako mfanyakazi wa ndani aliupanda Huangshan na wewe unataka kujua njia aliyopita. Wakio, ulinisomea maneno hayo kwenye simu na mimi nilikuwa naosha sufuria, nikafungua maji kwa nguvu ili nisiyasikie.

Ndiyo maana nimekasirika kuliko simu ya madam inavyostahili. Umenipangia kurudi palepale, Oktoba, kwenye foleni ileile, ili nikuonyeshe njia ambayo siijui.

Usiende kunielewa vibaya. Sikuzuii safari. Chuo umekipata kwa alama zako, uongo wangu haukukufanyia mtihani. Nenda. Lakini nyanya yako ameniambia jana kwamba umegawa nguo. Mjomba umempa redio, watoto wa jirani umewapa viatu, na sweta ile nzito niliyokutumia umempa binamu yako kwa sababu alisema anasikia baridi. Anasikia baridi Wundanyi! Wewe unakwenda kwenye theluji na fulana mbili na roho nzuri. Nilipokuuliza ukasema, "Mimi nitapata tu, mama." Huo mdomo ni wangu. Mimi nitapata tu. Nimeusema jikoni kwa nyanya yako kila likizo, nasimama na ukoko wa sufuria huku wageni wanakula, na wewe mdogo unaniangalia. Nilidhani nakufundisha ukarimu. Nenda ukamnyang'anye binamu yako hiyo sweta leo hii. Akilia, alie.

Nasikia geti. Wamerudi. Ngoja.

Nimerudi.

Nilimkuta madam jikoni anatafuta maji baridi, bado amevaa abaya. Nikamwambia, "Madam, ile likizo aliyoomba binti yangu, siitaki."

"Hutaki likizo?"

"Naitaka. Oktoba siitaki. Nataka Januari."

Akaniangalia kama vile friji ndiyo iliyoongea. "Januari mafi. Januari watoto wana mitihani. Binti yako amesema Oktoba, nimemwambia sawa, halas."

"Binti yangu hafanyi kazi hapa, madam. Mimi ndiye nafanya. Oktoba kule kunajaa, nawe unajua."

Akafikiri, akakumbuka. "Ah, Huangshan," akasema, akashika kiuno. "Siku ile nilimbeba mtoto kutwa. Mgongo uliniuma mwezi mzima."

Hicho ndicho alichobaki nacho, mgongo. Nikasikia damu inapanda. Nikamwambia, na sikushusha sauti, "Mimi nilikuwa langoni, madam. Kutwa. Na kigari."

Akaweka glasi chini. "Majina uliandika wewe," akasema. Hakusema kwa ubaya. "Mimi nilidhani hukutaka kupanda. Nikasema huyu anatoka milimani, amechoka na milima, ameona aibu kuniambia."

Miaka mitatu, Wakio. Miaka mitatu mimi namchukia na yeye anadhani nilikataa. Sijui kama nilitaka kucheka au kuvunja glasi. Nikamwambia nilisahau. Nikamwambia niliishika pasipoti yangu mwenyewe nikaiweka juu ya mchele nikasahau. Hakucheka. Akaniuliza Januari lini. Nikamwambia sijui bado, inategemea mwaka wao mpya, ila iwe kabla yake. Akasema likizo yangu nzima ya miezi miwili haiwezekani wakati wa mitihani, atanipa wiki tatu, zilizobaki nichukue shule zikifungwa. Nikasema sawa, wiki tatu, lakini pasipoti nipewe leo, kuna namba naihitaji. Akaenda. Nilimsikia anazungumza na baba huko ndani kwa muda mrefu, sauti ya baba juu, ya kwake juu zaidi. Akarudi nayo. "Piga picha, kisha mrudishie baba," akasema.

Picha nimepiga. Kumrudishia sijamrudishia. Iko hapa karibu na karatasi, na leo itabaki hapa.

Basi sikiliza, fundi wa Oktoba. Ukifika, kitu cha kwanza uliza wenzako mwaka wao mpya mara hii unaangukia lini. Ule unatembea na mwezi kama Idi, usikariri tarehe ya mwaka jana. Chuo kikifunga kwa baridi, kuna siku kati ya kufunga na sikukuu yenyewe ambapo watu hawajaanza kusafiri. Hapo ndipo nitakapokuja, viza nitaishughulikia huku. Chagua Jumanne au Jumatano, kamwe si Jumamosi. Uliza kama magari yale yanayoning'inia kwenye nyaya yanafanya kazi, wakati wa baridi huyafunga mengine kwa matengenezo, na njia nyingine hufungwa kwa barafu. Tuanze asubuhi, jua huzama mapema. Pale chini wanauza vyuma vya kufunga kwenye viatu usiteleze, ninunulie mapema, mguu wangu unaujua. Njia mimi siijui, tutaulizana. Nikichoka nitakusema, usinibembeleze. Na tukishuka nitamtafuta yule mama wa ufagio, nina neno la kumwambia, sijui kama ni la kuomba radhi au la kumgombeza.

Kama umesoma mpaka hapa na umechukia, chukia. Una haki. Chukia ukiwa kwenye treni, chukia ukiwa kwenye ndege, ukifika unipigie bado umechukia, nitapokea. Usinitumie ujumbe wa kusema si kitu, mama. Ni kitu.

Namba ya pasipoti inakuja kwenye picha ya mwisho, baada ya ukurasa huu. Jina liandike kama lilivyo pale, Agnes Mghoi, herufi kwa herufi, na uliandike wewe, mkono wangu siuamini. Fomu itakuuliza watu wazima ni wangapi. Jaza wawili.

Mama yako